Nilihudumia wasio Waislamu Beira: je, nina thawabu?

SWALI: Assalaam alaykum sheikh. Mimi ni muuguzi, nakaa Ngamiani, Tanga. Kimbunga Idai kilipoipiga Beira, Msumbiji, usiku wa tarehe 14 Machi 2019, nilijitolea kwenda. Nilikaa wiki tatu kwenye hema la wagonjwa wa kipindupindu, nikinywesha watoto maji ya chumvi na sukari kwa kijiko. Niliporudi, mzee mmoja aliniambia mbele za watu msikitini: "Umejichosha bure, wale si Waislamu, huna thawabu." Nyumbani mama kanunua mbuzi wa kunipokea, nimemkatalia. Chakula hakinipiti. Nimekosea?

JIBU: Waalaykumu ssalaam. Mwanangu, mzee huyo kakukosea mara mbili: kwa maneno yake, na kwa kuyasemea hadharani.

Najua alikoyatoa. Kasikia kwamba zaka haipewi asiye Mwislamu, akaikokota hukumu hiyo mpaka kwenye kila kijiko cha maji. Zaka ya faradhi ina watu wake wanane, wametajwa katika Surat at-Tawba aya ya 60. Sadaka ya hiari na huduma ya mgonjwa ni mlango mwingine. Ibn Abbas, sahaba wa Mtume ﷺ, anasimulia kuwa masahaba walichukia kuwapa jamaa zao washirikina, yaani waabudu masanamu, ikashuka aya ya 272 ya al-Baqara: kuwaongoa si juu yako, na kheri mtakayoitoa mtalipwa kamili. Yaani hoja ya mzee iliwahi kuletwa Madina, na Qur'ani ikaijibu. Na wale waliosifiwa katika Surat al-Insan kwa kumlisha maskini, yatima na mateka? Ibn Abbas anasema mateka wa siku zile walikuwa washirikina.

Kisha kuna hadithi ambayo mzee ameisikia Ramadhani ngapi sijui. Mtu kamkuta mbwa akilamba udongo kwa kiu, akateremka kisimani, akajaza khofu yake (kiatu cha ngozi) maji, akaing'ata kwa meno ili apate kupanda, akamnywesha. Mwenyezi Mungu akamsamehe. Masahaba wakauliza kama wanyama nao wana ujira, Mtume ﷺ akasema: katika kila chenye ini bichi, yaani kila kiumbe hai, mna ujira. Mbwa yule alikuwa anaswali?

Thawabu yako iko kwa Mola wako, ilimradi nia ilikuwa Yeye. Hilo limekwisha.

La mama ndilo linalonishughulisha zaidi. Kukataa mbuzi hakumshibishi mtu yeyote Beira. Mtume ﷺ alipofika Madina kutoka safarini alichinja ngamia au ng'ombe, kapokea sahaba Jabir katika kitabu cha hadithi cha Bukhari. Mama yako wiki tatu alikuwa akisikia kipindupindu kwenye redio na mwanawe yumo humo humo. Mbuzi yule ni shukrani yake, na wewe umemrudishia mkononi. Rudi umwombe radhi leo. Ukishindwa kula kinofu, kula wali na mchuzi, ila kaa naye sinia moja. Na uliyoyaona usiyafungie kifuani: watafute wauguzi mliokuwa nao, mzungumze. Chakula kikiendelea kukataa kupita, nenda kwa daktari. Wewe ungemwambia mgonjwa wako hivyo hivyo.

Sahaba Abdullah bin Amr alipochinjiwa kondoo nyumbani kwake, aliuliza: mmempelekea jirani yetu Myahudi? Nanyi hapo Ngamiani majirani Wakristo hawakosekani, wapelekeeni. Na yule mzee pia, mkatieni paja.