Wasifu wa bibi wa kusomwa siku ya arobaini

Pole sana, dada. Nimekuelewa: bibi aliyewalea wajukuu sita kwa kuuza vitumbua ametangulia, arobaini imebaki wiki mbili, umepewa kazi ya kuandika wasifu wake na hakuna ajuaye alizaliwa lini.

Tarehe ziache kwanza, nenda kwa watu. Nilipoandika wa bibi yangu nilianza kwa mdogo wake, nikamuuliza kwa matukio. Uhuru wa 1961 ulimkuta ameshaolewa? Operesheni Vijiji ya 1974 mlihama na watoto wangapi? Vita vya Kagera, 1978, nani alikwenda? Mama yule aliyekuwa akisema hakumbuki kitu alizungumza mpaka magharibi, na miaka ikajipanga yenyewe. Mrekodi kwa simu, ila muombe ruhusa.

Kisha chagua mambo mawili matatu uyaandike kwa undani: alivyoamka saa kumi alfajiri kuwasha moto, alichowaambia ada ilipokosekana. Kurasa mbili zinatosha.

Wasomee wazee kabla ya siku yenyewe. Jina la mtoto likisahaulika, hasa wa nje ya ndoa, ugomvi wake ni mkubwa, nimeushuhudia msibani. Habari za shamba na nyumba usiziweke kabisa, mirathi ina mahakama yake.

Na wewe, mpenzi, umesema hulali wala huli. Nenda hospitali wiki hii uonane na mshauri nasaha, usingoje arobaini ipite.