Uswisi si sawa na Uholanzi

Wapo wanaodhani Uswisi, kama Uholanzi, daktari anaweza kumdunga mgonjwa sindano ya kumaliza uhai. Hapana, Uswisi hawezi, hata mgonjwa mwenyewe akimsihi. Ni kosa, kwa kifungu cha 114 cha sheria ya jinai ya Uswisi. Kinachovumiliwa ni kumsaidia kujiua mtu ambaye tendo la mwisho analifanya mwenyewe, na msaidizi asiwe na maslahi yake binafsi. Hiyo inatoka kifungu cha 115 cha sheria hiyo hiyo, inayotumika tangu 1942, kwa hiyo si mtindo wa juzi kama wengi wanavyodhani. Uholanzi ndiko daktari anaruhusiwa kudunga, tangu Aprili 2002, ila lazima mateso yawe hayavumiliki, hakuna matumaini ya nafuu, na daktari wa pili asiyehusika amwone mgonjwa kwanza.