Uraia, utaifa na utamaduni: je, ni kitu kimoja?

SWALI: Mimi ni mwalimu wa sekondari wilayani Rungwe. Katika fomu za wanafunzi wapya, mzazi mmoja amejaza "Mnyakyusa" mbele ya kipengele cha "Uraia". Mwenzangu anasema si kosa, kwani uraia, utaifa na utamaduni vyote vinaeleza mtu ni wa wapi. Je, ni kweli?

JIBU: Mwalimu, mwenzako hakukosea kusema kwamba maneno hayo yote yanaeleza mtu ni wa wapi, alichokosea ni kudhani kwamba yanaeleza jambo moja. Tazama vitenzi vinavyoandamana nayo. Uraia huombwa, hutolewa, hukanwa, na mtu anaweza hata kuvuliwa. Sheria ya Uraia ya mwaka 1995 inatambua uraia wa kuzaliwa, wa kurithi na wa tajnisi, yaani ule anaopewa mgeni aliyeuomba. Utamaduni hauna ofisi ya kuutoa: hurithishwa, hudumishwa, na usipoangaliwa humomonyoka. Utaifa nao hujengwa, ndiyo maana hatumsikii mtu akisema "nimeomba utaifa" kama anavyosema "nimeomba uraia".

Ninyi wa Rungwe mfano mnao karibu. Ukishuka Kyela hadi Mto Songwe, ng'ambo ni Malawi, na huko Karonga wanaishi Wangonde, ndugu wa Wanyakyusa kwa lugha na kwa mila. Mtu wa Kyela na mtu wa Karonga wanaweza kuongea kila mmoja kwa lugha ya kwao wakaelewana, wakaoana na wakazikana, kisha kila mmoja akabaki na kitambulisho cha nchi yake. Hao utamaduni wao ni mmoja, uraia wao ni tofauti. Kwa hiyo neno "Mnyakyusa" halikueleza kama mtoto ni raia wa Tanzania au wa Malawi, na hilo ndilo fomu ilitaka kujua.

Lenye utata zaidi ni utaifa, kwa sababu hurudi nyuma hadi mahali ambapo uraia haufiki. Mkwawa, chifu wa Wahehe aliyepigana na Wajerumani, alikufa mwaka 1898, wakati ambapo hapakuwa na nchi iitwayo Tanzania, hivyo ukiandika kwamba alikuwa "raia wa Tanzania" umekosea. Lakini ukiandika kwamba fuvu linalotambuliwa kuwa lake, lililorudishwa Kalenga mwaka 1954, ni sehemu ya historia ya taifa, sidhani kama kuna mhariri atakayeikata sentensi hiyo. Kwa utamaduni ni wa Wahehe. Kwa utaifa tumemfanya wetu sote.

Lipo pia neno "Utanzania", ambalo naona linatumika kidogo kuliko linavyostahili. Unyakyusa na Uhehe ni majina ya nchi za watu hao, lakini kwa kuwa nchi yetu huitwa Tanzania, bila U-, neno hilo limebaki huru kubeba maana ya hali ya kuwa Mtanzania. (Waganda hawana nafasi hiyo: U- yao imekwisha kuchukuliwa na jina la nchi.)

Kuhusu fomu yenyewe, mwambie mzazi ajaze "Mtanzania", kama mtoto ni raia wa huku. Kwa sarufi kali jibu lingekuwa "wa Tanzania", maana Mtanzania ni mtu na uraia ni hali, ila matumizi hayo yamezoeleka mno na mimi nisingemrudishia mtu fomu kwa ajili yake. "Mnyakyusa" likae kwenye kipengele cha kabila, iwapo fomu yenu inacho.