Mitutu Miwili, Traiga Moja: Kwa Mnaoanza

Vijana wakija kwangu Kisongo na bunduki ya mitutu miwili waliyomilikishwa juzi, swali lao la kwanza ni moja: tubadilishe nini? Huyu anataka darubini, yule anataka traiga laini, mwingine anataka ikatwe iwe nyepesi. Nawaambia wakae nayo msimu mzima bila kugusa hata skrubu. Mimi sikukaa nayo, na nitawaeleza kilichonipata.

Bunduki yenyewe inakunjika katikati kama mkono kwenye kiwiko. Yangu ina mtutu wa .22 juu, wa risasi moja ndogo, na chini yake mtutu wa .410, wa marisau, yaani vipunje vingi vinavyotoka kwenye ganda moja. Namba hizo ni upana wa tundu la mtutu kwa inchi. Nyundo ni moja, traiga ni moja, na pembeni kuna swichi ndogo ya kuchagua upi ulie. Wazo hili ni la zamani. Wajerumani wana ya mitutu mitatu wanayoiita Drilling, kutokana na neno lao la tatu. Warusi nao, baada ya mwanaanga wao Aleksei Leonov na mwenzake kutua mbali na walikotarajiwa, katikati ya msitu wenye theluji, Machi 1965, baadaye walitengeneza bastola ya mitutu mitatu kwa ajili ya wanaanga wao, TP-82. Ni silaha ya mtu asiyejua atakutana na nini. Kwetu ni kwa ajili ya kanga, kwale na sungura: aliyetulia chini anapigwa kwa .22, anayeruka ni wa marisau.

Sasa hiyo swichi. Tulikuwa Simanjiro, kibali mkononi, jua linaelekea kushuka. Kundi la kanga likapanda juu ya mgunga. Nikajua niko kwenye marisau. Nikakoki, nikalenga, nikavuta, na badala ya mlio mzito nikasikia "ta!" nyembamba. Risasi ilikuwa imeondoka, na nyuma ya ule mti palikuwa na anga tupu. Kwenye boksi la .22 huandikwa kuwa ni hatari hadi maili moja na nusu, zaidi ya kilomita 2. Marisau madogo ya ndege hayafiki hata mita 400. Baada ya dakika chache wakatokea watoto wawili upande wa pili wa kilima, wanaswaga mbuzi, wanaimba. Hakuna aliyeguswa. Nilikaa chini, miguu ikakataa kusimama.

Tangu siku hiyo kidole gumba changu hupita kwenye swichi kabla ya kugusa nyundo, na mdomo unatamka: "marisau" au "risasi". Natamka kwa sauti hata nikiwa peke yangu. Na .22 siielekezi juu kwa ndege aliye mtini hata iweje. Kama nyuma ya mnyama hakuna udongo, bunduki inashushwa.

Kosa la pili lilikuwa darubini. Nilimpelekea fundi mmoja mjini, akaifunga juu ya mtutu wa .22, na kwenye karatasi ikapiga vizuri mno. Lakini ili nione ndani yake ilibidi niinue shavu kutoka kwenye kitako. Kwa .22 unaweza kuvumilia. Kwa marisau, jicho lako ndilo kilengeo cha nyuma. Shavu likipanda, marisau yanapanda nalo. Kwale walipita chini ya mapigo yangu mwezi mzima nikidhani nimezeeka. Nikaiondoa, nikapaka rangi nyeupe kidogo kwenye ushanga wa kulengea ulio mbele ya mtutu, basi.

Kwa hiyo kabla ya kubadilisha chochote, tafuteni mifuko mitupu ya saruji. Ile karatasi ya kaki ni pana na alama inaonekana. Nendeni uwanja wa shabaha unaoruhusiwa, chora umbo la kanga katikati, piga marisau kwa mita 20, kisha 25, kisha 30, kila mara karatasi mpya. Hesabu matundu yaliyo ndani ya umbo. Risasi fupi ya .410, ya inchi 2.5, hubeba gramu 14 tu za marisau. Kwenye karatasi yangu ya mita 30 palikuwa na uwazi ambao kanga mzima angekaa bila kuguswa. Nikajua mwisho wangu ni mita 25, na sijavuka. Halafu rudia kwa .22. Ukiiweka ipige katikati kwa mita 50, kwa mita 100 inashuka sentimita 15 au zaidi, na kwa sungura hiyo ni kujeruhi tu. Andika vipimo vyote viwili, ubandike ndani ya mfuniko wa sanduku la risasi.

Yapo mabadiliko ninayoyakubali. Mpira kwenye kitako kama ni kifupi kwako. Mkanda wa begani. Mafuta ya kitani kwenye mbao, kidogo kidogo kwa kiganja, kwa sababu kiangazi cha huku kinapasua mti. Traiga nzito iache nzito. Anayepiga tupa nyundo ili ilainike anatengeneza bunduki itakayolia ikidondoka. Kukata mtutu ndiyo hasara kubwa kuliko zote: pale mdomoni ndipo umebanwa kidogo ili marisau yasitawanyike, na hicho ndicho kipande utakachokitupa. Tena mdomoni ndipo mitutu miwili imeunganishwa ili ilenge pamoja. Namba ya bunduki haiguswi, hilo ni jinai. Na lolote linalohusu mtutu au mtambo, waone polisi kwanza, kisha fundi mwenye leseni.

Jambo moja linawapita wengi. Mtutu uliotengenezwa kwa risasi ya .410 ya inchi 2.5 unakubali ya inchi 3 iingie bila shida, kwa sababu mdomo wa ganda umekunjwa. Ukivuta, ganda linafunguka mahali pasipo na nafasi na shinikizo linapanda vibaya. Kipimo kimegongwa kwenye chuma cha mtutu. Kisome kabla ya kwenda dukani. Na kwenye maombi ya leseni hakikisheni aina zote mbili za risasi zimeandikwa. Yangu iliandikwa moja, nikarudi ofisini mara nne.

Vumbi la kwetu linapenda mafuta mazito. Kwenye bawaba paka mafuta mepesi, ufute mpaka kitambaa kitoke kikavu. Nyumbani ukitaka kuzoea traiga, usivute .22 ikiwa tupu: pini yake hugonga ukingo wa tundu na baada ya muda risasi hazilii vizuri. Nunua risasi za bandia za plastiki. Mimi hufanya mazoezi hivyo jioni, mlango umefungwa na risasi halisi ziko chumba kingine: gumba kwenye swichi, neno mdomoni, mara 20, ndipo bunduki inarudi kwenye kabati na ufunguo mfukoni.