Maswali na majibu: "Dakika 45 zinaniishia nikiwa swali la 16"

SWALI

Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mhasibu hapa Dodoma, naishi Kisasa na ofisi yetu iko Mtumba. Baada ya wiki tatu nafanya mtihani wa GMAT Dar es Salaam, saa tatu asubuhi, kwa ajili ya kuomba shahada ya uzamili ya biashara nje ya nchi. Nimesoma miezi mitano. Nikifanya mazoezi bila kuangalia saa napata karibu kila kitu, lakini nikiweka saa, dakika 45 za hesabu zinaniishia nikiwa swali la 16 au la 17. Nimeambiwa maswali kumi ya kwanza ndiyo yanayoamua alama, kwa hiyo nayachunga sana. Je, ni kweli? Nianze na sehemu ipi? Nikipanda treni ya alfajiri siku hiyohiyo nitawahi? Au nifanyie nyumbani kwa kompyuta yangu?

JIBU

Marahaba mwanangu. Swali lako nimelisoma mara mbili, kwa sababu jibu lake umelibeba mwenyewe: unayachunga maswali kumi ya kwanza, na saa inakuishia kwenye la 16. Hayo si matatizo mawili. Ni tatizo moja.

Imani hiyo ya maswali kumi ya kwanza ina chanzo chake. Mtihani huu unajirekebisha unapoendelea: ukipata, swali linalofuata huelekea kuwa gumu zaidi, ukikosa huelekea kuwa jepesi. Watu wakaona basi anayeanza vizuri ameshapanda ngazi. Wanachosahau ni kwamba kompyuta inaendelea kukupima hadi swali la mwisho, na maswali yaliyoachwa bila kujibiwa yana adhabu yake. Hesabu mwenyewe. Ukitumia dakika tatu na nusu kwa kila swali kati ya kumi ya kwanza, umekula dakika 35. Zimebaki 10 kwa maswali 11, maana hesabu ina maswali 21. Hapo hata mwalimu wako hawezi.

Niliwahi kulipia kosa hilo mimi mwenyewe. Mwaka 2011, enzi ambazo sehemu ya hesabu ilikuwa maswali 37 kwa dakika 75, nilikwama kwenye la 11, swali la mabomba mawili yanayojaza tangi. Nilikuwa nimefundisha mada hiyo darasani kwa miaka mingi, nikaona aibu kuliacha. Nilipoinua macho, karibu dakika saba zilikuwa zimekwenda. Matano ya mwisho niliyajibu kwa kubahatisha, vidole vinatetemeka. Mawili kati ya hayo, nilipoyakumbuka njiani kurudi nyumbani, yalikuwa mepesi kabisa. Nimeyabeba moyoni hadi leo, na ndiyo maana kila mwanafunzi anayepita kwangu namfundisha kuacha kabla sijamfundisha kukokotoa.

Kwa hiyo tuanze na saa. Toleo la sasa, lililoanza Novemba 2023, lina sehemu tatu za dakika 45 kila moja: hesabu maswali 21, lugha maswali 23, na uchambuzi wa data maswali 20. Kwenye kona ya kioo utaona saa inayohesabu kurudi nyuma. Usiitazame kila swali, itakutia wazimu. Itazame kwenye vituo.

Vituo vya hesabu ni rahisi kukariri, kwa sababu maswali 21 kwa dakika mbili mbili ni dakika 42, na tatu zinabaki za akiba. Ukimaliza swali la 7, saa isome 31. Ukimaliza la 14, isome 17. Ukimaliza la 21, isome 3. Kwenye lugha, baada ya swali la 8 isome 30 hivi, baada ya la 16 isome 15. Huko usishtuke saa ikikimbia mwanzoni mwa kifungu kirefu cha kusoma, maana kusoma kifungu chenyewe ni dakika mbili hadi tatu, kisha maswali yake yanakwenda upesi. Kwenye data, pima kila baada ya maswali matano: 34, 24, 13, 3. Namba hizi zishike kichwani kabla ya siku yenyewe. Sehemu ya kwanza ikishaanza, jambo la kwanza ziandike juu ya ukurasa wa kijidaftari cha plastiki watakachokupa pamoja na maka peni.

Ukifika kituo na umechelewa dakika mbili, usijaribu kuzirudisha kwa kukimbia kwenye maswali sita yanayofuata. Ukikimbia hivyo utakosea yote sita kidogo kidogo. Chagua swali moja linalofuata ambalo hulipendi, libahatishe ndani ya sekunde 20, na karibu deni lote limelipwa. Huu ndio ufundi wenyewe, na nakuomba uuamini. Anayepata alama za juu kwenye mtihani huu hapati yote. Anakosa kadhaa, ila anachagua ya kukosa.

Jiwekee ruhusa ya kuacha maswali matatu kwa kila sehemu, kwa amani, kama mtu anayetoa nauli. Kipimo ni hiki: dakika mbili zikifika, jiulize, je, naziona hatua zilizobaki hadi kwenye jibu? Kama unaziona, endelea, lakini dakika ya tatu ikitimia, ondoka. Kama huzioni, chagua jibu sasa hivi uende. Mtihani hauruhusu kuruka swali, lazima ujibu ndipo lije jingine, kwa hiyo "nitalirudia baadaye" bila kuweka jibu haipo.

Kurudia kupo, lakini kwa mpaka. Unaweza kuliwekea alama swali lolote, na ukimaliza sehemu ukiwa na dakika zimebaki, utaletewa orodha ya maswali yote. Hapo unaruhusiwa kubadilisha majibu yasiyozidi matatu. Naona wanafunzi wanaweka alama maswali tisa, kumi, kisha dakika za mwisho hawajui washike lipi. Weka alama pale tu unapoamini dakika moja zaidi ingelimaliza: ulikuwa kwenye hesabu ukaona umekosea ishara, au umebakisha majibu mawili ya kuchagua. Lile ambalo hukulielewa kabisa usiliwekee alama, hutalielewa kwa sekunde 50 za mwisho. Na usibadilishe jibu kwa sababu tu ya wasiwasi. Badilisha ukiwa umeliona kosa kwa macho.

Sasa nikuonyeshe wapi dakika za mhasibu hupotelea, maana nimewafundisha wahasibu wengi na ugonjwa wao ni mmoja: wakiona namba wanakokotoa. Chukua swali la utoshelevu wa taarifa, aina inayokuja kwenye sehemu ya data. Nimelitunga kwa mazao ya kwetu:

*Bei ya gunia moja la alizeti ni kiasi gani?*
*(1) Magunia 3 ya alizeti na 2 ya mtama yaliuzwa jumla sh 310,000.*
*(2) Magunia 6 ya alizeti na 4 ya mtama yaliuzwa jumla sh 620,000 kwa bei zilezile.*

Kumbuka hapa huulizwi bei. Unaulizwa kama taarifa zinatosha kuijua. Mwanafunzi mwenye haraka anasema: herufi mbili zisizojulikana, milinganyo miwili, basi zote mbili kwa pamoja zinatosha, jibu C. Mwenye bidii anaandika milinganyo, anazidisha, anatoa, anapata sifuri sawa na sifuri, anadhani amekosea, anaanza upya. Dakika nne zimekwenda. Sasa itazame sentensi ya pili kabla hujashika kalamu. Sita ni mara mbili ya tatu, nne ni mara mbili ya mbili, 620,000 ni mara mbili ya 310,000. Ni taarifa ileile imevaa kanzu nyingine. Hata ukiziweka pamoja unayo moja tu, kwa hiyo hazitoshi, jibu ni E. Sekunde 40. Kalkuleta ya kwenye kioo, ambayo inapatikana kwenye sehemu ya data peke yake, hukuigusa.

Wiki hizi tatu, kila swali la namna hiyo litazame kwa sekunde kumi mikono ikiwa mezani, ndipo uandike. Zoezi hilo peke yake linaweza kukurudishia maswali mawili au matatu unayoyaacha sasa.

Umeuliza uanze na sehemu ipi. Mpangilio ni wako kuchagua, na sehemu zote tatu zina uzito sawa kwenye alama ya jumla, ile inayoanzia 205 hadi 805. Ndiyo maana sikubaliani na wanaosema anza na unayoipenda ili upate moyo. Wewe hesabu unaziweza, kinachokusumbua ni saa, na hiyo tumeshaitafutia dawa. Kusoma vifungu vizito vya Kiingereza na kupima hoja ndiko kunakochosha akili ya mtu anayeshinda na jedwali za hesabu. Ningekuwa wewe ningeanza na lugha kichwa kikiwa kipya, nifuate na data, nimalizie na hesabu ambazo mkono unazijua hata ukiwa umechoka. Ijaribu Jumamosi hii. Ikikukataa, geuza, lakini baada ya Jumamosi ya pili usibadilishe tena.

Mapumziko ni moja tu, dakika 10, baada ya sehemu ya kwanza au ya pili. Si lazima, lakini yachukue hata kama hujisikii kuchoka. Nenda msalani, kunywa maji kidogo, kula ndizi au kiganja cha zabibu kavu za kwetu. Simu usiiguse, ni marufuku. Rudi dakika ya saba au ya nane, kwa sababu kuna kukaguliwa tena mlangoni, na ukichelewa dakika zinakatwa kwenye sehemu inayofuata.

Ukiwa ndani, usijisomee matokeo kupitia ugumu wa maswali. Swali jepesi likija ghafla, wengi moyo unawaanguka: "nimekosa lililopita." Yamo maswali ya majaribio yasiyohesabiwa alama, na huwezi kuyatambua. Jibu lililo mbele yako.

Safari sasa. Treni ya alfajiri, hapana. SGR, reli ya kisasa ya umeme, imetupunguzia adha tangu ianze kufika Dodoma mwaka 2024, na safari ya saa tatu na nusu hivi kwa treni ya haraka si kama kutwa nzima ya basi. Lakini unatakiwa kituoni nusu saa kabla, yaani saa mbili na nusu, na ndani ya Dar bado kuna foleni. Nenda siku moja kabla, ufike mapema mchana. Upite kwenye jengo lenyewe ujue mlango uko wapi na bajaji inashusha wapi. Kuna jambo jingine ambalo watu wa Dodoma hatulifikirii: sisi tumezoea usiku mkavu wenye upepo, na joto la Dar lenye jasho linanyima usingizi. Tafuta chumba chenye feni nzuri au kiyoyozi, hata kama ni kidogo ghali, hata kama shangazi ana nafasi sebuleni. Shangazi atakuelewa. Asubuhi beba sweta, chumba cha mtihani huwa na baridi.

Pasipoti iangalie leo, si usiku wa kuamkia mtihani. Isiwe imekwisha muda, na majina yake yawe sawasawa na uliyojisajili nayo. Sisi tuna majina matatu, na mara nyingi mtu hujisajili kwa mawili. Ukiona tofauti, wasiliana na wasimamizi wiki hii. Mlangoni watakupiga picha, watachukua alama za kiganja chako, na simu itafungiwa kabatini. Usione kama unashukiwa, kila mtu hupitia hayo.

Kufanyia nyumbani kunawezekana, na kwa mwenye chumba tulivu, umeme wa uhakika na intaneti isiyoyumba, ni nafuu ya nauli. Sheria zake ni kali: uwe peke yako chumbani, meza iwe tupu, kamera ikutazame muda wote. Kwa mwanafunzi wangu mmoja, mtoto wa jirani alifungua mlango kumuulizia kuku aliyepotea, mtihani ukasimamishwa hapohapo. Alilia sana, nami sikuwa na la kumwambia. Kama huwezi kufunga geti kwa saa tatu, nenda Dar.

Jumamosi hii na mbili zinazofuata, kaa saa tatu asubuhi kamili, fanya sehemu zote tatu kwa mpangilio wako, na pumzika dakika 10 zilezile. Siku mbili za mwisho usifungue mada mpya. Na likitokea la kutokea, alama zisipofika unapotaka, unaruhusiwa kurudia baada ya siku 16, hadi mara tano ndani ya miezi 12. Kwa hiyo angalia tarehe ya mwisho ya maombi yako: kama kuna nafasi ya siku 16 kati yake na mtihani, utaingia chumbani ukiwa mwepesi zaidi. Kama haipo na bado unaweza kusogeza tarehe ya mtihani mbele kidogo au kuirudisha nyuma, niandikie kabla ya Ijumaa tuitazame pamoja.