Tala ya Kihindi: ukipotea, tafuta besi ilipo

Mkuu mleta uzi, umeuliza kwa nini ukisikiliza sitari (ala ya nyuzi) na tabla (jozi ya ngoma mbili za mkono) unapotea mapema, wakati mashabiki wa Kihindi wanapiga makofi pamoja bila kukosea. Nimesoma tabla kwa mwalimu, nakupa nilivyofundishwa.

Kwanza, mwanzoni mwa raga (utaratibu wa melodi unaofuatwa na mpigaji) huna cha kuhesabu. Alapu, yaani sehemu ya utangulizi, hupigwa bila mzunguko wa mapigo, na tabla imenyamaza. Usijitese, subiri iingie.

Ikiingia, muziki unazunguka ndani ya tala, yaani mzunguko wa mapigo unaojirudia. Anza na tintali, ndiyo utakayokutana nayo sana kwenye muziki wa kaskazini mwa India. Ina mapigo 16, mafungu manne ya mapigo manne manne. Piga kofi pigo la 1, la 5 na la 13; la 9 usipige, geuza kiganja juu. Hiyo ni khali. Pigo la 1 ni samu, na wote hurudi hapo.

Sasa yatamke mapigo hayo kwa mdomo huku mkono ukifanya kazi:

dha dhin dhin dha / dha dhin dhin dha / dha tin tin ta / ta dhin dhin dha

Dha na dhin zina ngoma ya kushoto, ile nzito yenye besi. Tin na ta ni ya kulia peke yake. Kwa hiyo kuanzia pigo la 10 hadi la 13 besi inatoweka, halafu inarudi la 14. Ukiisikia imerudi, jiandae, samu iko mlangoni. Kwangu mimi hili lina faida kuliko kuhesabu hadi 16 kichwani.

Raha kubwa ni tihai: kipande kimoja kinarudiwa mara tatu, na pigo lake la mwisho linaangukia samu. Chukua kipande cha mapigo 5, kianze pigo la 3. Kinakwenda 3 hadi 7, 8 hadi 12, 13 hadi 17, na la 17 ndilo samu ya mzunguko mpya. Hapo ndipo ukumbi unaposhangilia.

Rupaki (tala ya mapigo 7) iache kwanza, maana khali yake iko palepale kwenye samu, itakuvuruga. Ektali ya mwendo wa taratibu nayo ngumu, mapigo 12 yanavutwa mno. Tafuta rekodi za Ravi Shankar (sitari) akiwa na Alla Rakha (tabla), chagua kipande cha tintali ya mwendo wa kati, kaa na mkono wako.