Chumvi kwanza, matoke baadaye

Mhariri,

Wiki hii mmeuliza: anayenyanyua vyuma akiacha wanga, nguvu zinabaki? Zangu zilibaki nusu, na ni nusu ipi ndiyo habari yenyewe.

Naishi Kisenyi, Kampala. Jimu yetu ni ya uani, na sahani za uzito za chuma chetu ni za saruji, tulizimimina wenyewe. Miezi mitano iliyopita niliacha matoke, posho (yaani ugali) na muhogo. Muuza rolex, ile chapati yetu ya kuviringishia mayai, nilimwomba mayai bila chapati, akaniuliza kama naumwa. Nilijiwekea wanga usiozidi gramu 50 kwa siku, na sahani moja ya matoke inazimaliza zote. Nikabaki na mayai, nyama, mukene (dagaa wa ziwani), parachichi na nakati, mboga yetu ya majani.

Siku ya nne kichwa kilinigonga, na usiku misuli ya miguu ikakaza nikaruka kitandani. Mzee anayetufunza aliniuliza swali moja tu: chumvi unakula? Wanga ukipungua, insulini hushuka, na figo huachilia chumvi na maji. Tena wanga unaowekwa akiba kwenye misuli, yaani glaikojeni, hukaa na maji, gramu 1 kwa takriban gramu 3. Zile kilo 3 nilizopungua wiki ya kwanza, nikazitangaza mtaa mzima, kumbe nyingi zilikuwa mkojo.

Mke wangu ni wa Mbarara. Akanipigia eshabwe, ile samli ya kwao yenye chumvi ya mawe, nikaila na nyama, na kabla ya mazoezi nikawa nakunywa supu ya mifupa iliyokolea chumvi. Misuli ikatulia. (Mwenye presha au anayetumia dawa za kisukari asiniige kabla ya kumwona daktari, sukari yaweza kushuka vibaya.)

Sasa ile nusu. Kuchuchumaa na kilo 100 mabegani mara 3 kulirudi wiki ya tatu, kwa sababu kazi ya sekunde chache hutumia zaidi fosfokreatini, akiba ya nishati ya haraka iliyomo misulini. Lakini seti ya mara 15? Mpaka leo nikifika ya 10 nguvu zinakata. Kazi hiyo inataka glaikojeni, na mafuta hayatoi nishati kwa kasi hiyo. Wanaoniambia nisubiri, nitazoea, nimewasubiri vya kutosha. Nimehamia seti nyingi za mara 3 hadi 5, napumzika dakika 3 kati yake, na kwa kilo zangu 80 nala protini kama gramu 130 kwa siku.

Mwezi uliopita tulikwenda ukweni. Mama mkwe akapakua matoke, nani angekataa? Nililala siku mbili huko, nikala kila nilichopewa. Jumatatu nikapiga 15 bila kutafuta pumzi, na mke wangu hajaacha kunikumbusha.

Baba Zena, Kisenyi